Mzingiro wa Imphal: Vita Vilivyoamuliwa Bohari

Katika masimulizi ya vita, sifa huwaendea wale waliofyatua bunduki. Dereva wa lori, mtunza bohari, mpishi, fundi wa barabara na karani wa kuhesabu makopo ya nyama hutajwa mwishoni, iwapo hutajwa. Hata hivyo, askari aliyepata kukaa juma zima katika kituo cha mpakani akilisubiri gari la posho lisilotokea, hahitaji kufundishwa na mtu kwamba bunduki isiyo na risasi ni gongo tu, na kwamba ushujaa nao hula na kunywa. Vita vya Imphal na Kohima, vilivyopiganwa katika mpaka wa India na Burma kuanzia Machi hadi Julai 1944, vinalionyesha jambo hilo kwa uwazi usio na kifani. Tena si vita vya wageni kwa msikilizaji wa Afrika ya Mashariki, kwani wazee wa Keya walikuwa miongoni mwa waliotumwa kumwandama adui alipovunjika, na katika divisheni yao vilikuwamo vikosi vya 4, 34 na 44 vya Uganda.

Wajapani waliiteka Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar, katika miezi michache ya mwaka 1942. Jeshi la Uingereza na la India lilirudi nyuma kwa mwendo wa maili mia tisa hivi, likiacha njiani magari na mizinga, mpaka likatua katika uwanda wa Imphal, makao ya jimbo la Manipur. Uwanda huo umezungukwa na milima pande zote. Kwa muda wa miaka miwili iliyofuata, Waingereza waliufanya kuwa bohari kubwa ya kutayarishia marudio yao Burma: palijengwa hospitali, karakana, viwanja vya ndege, na maghala ya risasi na petroli.

Lakini vitu hivyo vyote vilifikaje huko? Swali hilo ndilo msingi wa habari yote. Shehena ilitoka Calcutta kwa reli, ikashushwa au kuvushwa kwa pantoni katika mto Brahmaputra, ambao wakati huo haukuwa na daraja, kisha ikapakiwa tena katika reli nyembamba iliyojengwa zamani kwa ajili ya kuhudumia mashamba ya chai ya Assam. Reli hiyo ilifika Dimapur. Toka Dimapur hadi Imphal ni barabara moja tu ya milimani, yapata maili 130, inayopita Kohima na kuzunguka magenge kama nyoka. Bohari la Dimapur peke yake lilikuwa na urefu wa maili 11 na upana wa maili moja. Aliyeshika barabara hiyo alilishika koo la jeshi zima la Imphal.

Jambo hilo Luteni Jenerali Renya Mutaguchi, kamanda wa Jeshi la 15 la Japani, alilijua vyema. Mpango wake ulikuwa wa kukata tamaa na wa ujasiri kwa pamoja. Divisheni ya 33 ingeushambulia uwanda wa Imphal kutoka kusini. Divisheni ya 15 ingeubana kutoka kaskazini na mashariki. Na Divisheni ya 31, chini ya Luteni Jenerali Kotoku Sato, ingekatiza milima isiyo na barabara na kukamata Kohima ili kuifunga njia. Pamoja nao walikuwako askari wa jeshi la Wahindi waliotaka kuing'oa dola ya Kiingereza katika nchi yao, wakiongozwa na Subhas Chandra Bose. Katikati ya Machi 1944 jeshi hilo la watu wapatao 85,000 lilikuwa limekwisha uvuka mto Chindwin.

Kasoro ya mpango huo haikuwa katika mishale iliyochorwa kwenye ramani. Ilikuwa tumboni. Kati ya Chindwin na Imphal hapakuwa na barabara ya kubebea posho ya divisheni tatu. Mutaguchi alihesabu kwamba Imphal ingeanguka kabla ya mvua za Mei, na kwamba baada ya hapo askari wake wangekula kutoka katika maghala ya Mwingereza. Basi kila askari alibebeshwa chakula cha majuma matatu hivi. Nyongeza yake ilikuwa kundi la maelfu ya ng'ombe, ambao wangebeba mizigo wakati wa kwenda na kuliwa wakati wa kufika, wazo lililosemekana kuigwa kwa Jenghis Khan. Lakini nyika za Wamongolia zilikuwa na majani. Ng'ombe wengi walisombwa na maji katika Chindwin, wengine walianguka magengeni, na waliosalia walikonda wasiweze kubeba hata ngozi zao.

Maofisa wa Kijapani waliokuwa na dhamana ya ugavi walilitia shaka jambo hilo mapema. Hawakusikilizwa. Huenda kosa kubwa la Mutaguchi halikuwa kuthubutu, maana vita bila kuthubutu haviendi. Kosa lilikuwa kuandika akiba ya adui katika daftari lake mwenyewe kabla hajaikamata.

Tena onyo lilikwisha kutolewa. Mwezi wa Februari mwaka huo huo, kusini zaidi katika jimbo la Arakan, Wajapani walizizunguka bohari na ofisi za Divisheni ya 7 ya India mahali paitwapo Sinzweya. Desturi ya miaka iliyotangulia ilikuwa kwamba askari wa Kiingereza na wa Kihindi, wakishakatiwa njia ya nyuma, hurudi mbio kuifungua, na kwa kurudi huko hushindwa. Safari hii waliamriwa wabaki walipo. Makarani, madereva, wachunga baghala na watunza ghala walichimba mahandaki na kupigana kwa kiasi cha majuma mawili na nusu, huku ndege zikiwaangushia vyakula na risasi. Mshambuliaji, aliyekuwa amebeba posho ya siku chache akitumaini kula ya wengine, ndiye aliyeishiwa kwanza.

Maandalizi hayo hayakutokea kwa bahati. Luteni Jenerali William Slim, kamanda wa Jeshi la 14, na mkuu wake wa ugavi, Meja Jenerali Snelling, walikuwa wamekwisha tayarisha mizigo ya kuangushwa kwa ndege, imefungwa na kupangwa kwa aina. Miavuli ya hariri ilipokuwa haba, walikwenda katika viwanda vya magunia vya Calcutta na kushonesha miavuli ya juti. Haikuwa mizuri kama ile ya hariri, na hakuna mtu ambaye angependa kuruka nayo, lakini kwa gunia la mchele ilitosha, na bei yake ilikuwa ndogo mno.

Mlinzi wa Imphal naye aliamua jambo gumu. Badala ya kuzishikilia divisheni zake mbele karibu na mpaka, ambako zingekuwa mwishoni mwa njia ndefu na nyembamba, Slim aliamuru zirudi nyuma hadi ukingoni mwa uwanda. Kurudi nyuma ni neno chungu kwa askari, na wako waliolinung'unikia. Mantiki yake ilikuwa hii: mlinzi apigane kando ya bohari lake, na mshambuliaji apigane huku milima mia moja na mto mkubwa viko mgongoni mwake. Kila hatua ambayo Mjapani alisonga mbele ilimrefushia yeye njia na kumfupishia mwenzake.

Hata hivyo mambo hayakwenda sawasawa. Amri ya kurudi nyuma ilichelewa, na Divisheni ya 17 ililazimika kupigana njia nzima kutoka Tiddim ili kurejea uwandani. Aidha Slim alidhani kuwa katika milima ile Mjapani asingeweza kupeleka Kohima nguvu inayozidi rejimenti moja. Sato alikuja na divisheni nzima. Slim mwenyewe, katika kumbukumbu alizoziandika baada ya vita, alikiri makosa hayo pasipo kumsingizia mtu mwingine, tabia ambayo haipatikani kwa majenerali wengi.

Tarehe 29 Machi 1944 barabara ya Imphal na Kohima ilikatwa. Mwanzoni mwa Aprili Sato aliuzunguka mji mdogo wa Kohima wenyewe. Waliokuwa ndani ni kama watu 2,500, na baadhi yao hawakuwa wapiganaji, bali vibarua, makarani na wagonjwa waliokuwa wanapata nafuu. Waliowazunguka walizidi 12,000. Mji huo ulilindwa juu ya mgongo wa kilima, na siku za kwanza kabisa Wajapani waliteka upande ulikokuwa na maji. Tangu siku hiyo kiu ilikuwa adui wa pili. Askari alipata maji yasiyofika kibaba kimoja kwa siku, mpaka ilipogunduliwa chemchemi ndogo upande wa nyuma, ambako watu walitambaa usiku kwenda kuteka. Ndege zilileta maji katika madebe yenye miavuli. Baadhi yaliangukia kwa adui, maana eneo lililobaki lilikuwa dogo mno. Karibu na nyumba ya mtawala wa wilaya kulikuwa na uwanja wa tenisi, na mahandaki ya pande mbili yalitenganishwa na upana wa uwanja huo tu, yaani mwendo wa kutupa bomu la mkono.

Kohima haikuanguka. Tarehe 18 Aprili msaada wa kwanza ulipenya, na siku mbili baadaye walinzi wale wachache walipokewa zamu. Toka hapo Divisheni ya 2 ya Uingereza, iliyokuwa ikilishwa kutoka Dimapur, ilianza kazi ya kumng'oa Sato kilima hadi kilima. Wenyeji wa milima hiyo, Wanaga, walibeba mizigo na majeruhi kwa migongo yao na kuleta habari za nyendo za adui. Bila migongo hiyo, mizinga mingi isingepata kombora la pili.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Dimapur, bohari lile la maili 11, lilikuwa mwendo wa maili 46 tu kutoka Kohima, na mwanzoni mwa Aprili halikuwa na ulinzi wa maana. Mutaguchi alitamani Sato alifikie. Wakubwa wake walikataa, kwa kuwa Dimapur haikuwamo katika mpango ulioidhinishwa. Kwa hiyo jeshi lenye njaa lilisimama siku mbili au tatu za mwendo kutoka katika mojawapo ya maghala makubwa kuliko yote ya vita vile, likajichosha kwa kugombea kilima.

Ndani ya uwanda wa Imphal hesabu zilikuwa za namna nyingine. Palikuwa na watu wapatao 155,000 na maelfu ya wanyama, na barabara imefungwa. Jambo la kwanza lilikuwa kupunguza midomo. Wasiokuwa wapiganaji na majeruhi walipakiwa katika ndege zilizokuwa zikirudi tupu. Posho ya waliobaki ilipunguzwa. Hata kabla ya hapo, Divisheni ya 5 ya India ilikuwa imehamishwa kwa ndege kutoka Arakan, pamoja na mizinga yake na baghala wake, ikashuka na kuingia vitani karibu mara moja. Ili kulifanya hilo, Admirali Mountbatten alizichukua ndege za Marekani zilizokuwa zikipeleka vifaa China, akijua kwamba angeulizwa.

Katika muda wa vita hivyo ndege ziliingiza Imphal na Kohima tani 19,000 za vifaa na askari 12,000, zikatoa majeruhi 13,000 na raia na wasio wapiganaji 43,000. Katika shehena hiyo yalikuwamo mafuta zaidi ya galoni milioni moja, sigara milioni arobaini, na magunia elfu moja na zaidi ya barua. Huenda mtu akashangaa ndege inayohatarisha maisha ya rubani inabebaje barua. Ofisa aliyewahi kuongoza watu waliozingirwa hashangai.

Dawa nayo ilihesabiwa kuwa silaha. Mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa maradhi, na malaria ikiongoza. Vidonge vya kinga vilikuwapo, lakini askari walivitema. Slim aliamuru upimaji wa ghafla, na kikosi ambacho watu waliokuwa wamemeza dawa hawakufika asilimia 95, kamanda wake alifukuzwa kazi. Alisema baadaye kwamba alihitaji kuwafukuza watatu tu.

Upande wa pili wa milima, mwezi wa Mei, mvua zilianza. Njia za Wajapani kuelekea Chindwin ziligeuka tope. Askari wa Sato walikuwa hawajapata posho ya maana tangu walipouvuka mto. Walikula mpunga walioutwaa vijijini, halafu majani, halafu konokono. Beriberi na kuhara damu viliwaangusha waliokuwa wameokoka na risasi. Sato alipeleka simu baada ya simu akidai chakula na makombora. Alichojibiwa ni amri ya kushikilia.

Mwishoni mwa Mei alifanya jambo ambalo katika jeshi la Japani lilikuwa karibu halijasikika. Aliwaarifu wakubwa wake kwamba ataondoa divisheni yake Kohima, kisha akaiondoa, akiacha nyuma kikosi kidogo cha kuchelewesha. Alivuliwa ukamanda. Yeye alitaka ashtakiwe mbele ya mahakama ya kijeshi ili aeleze hadharani nani aliyewaua watu wake. Wakubwa waliona heri atangazwe kuwa hana akili timamu. Askari anaapa kutii, na kiapo hicho si cha mchezo, kwa maana jeshi ambalo kila jenerali hujichagulia amri ya kufuata si jeshi tena. Lakini kiapo kina pande mbili. Anayeamuru watu washikilie kilima amejifunga naye kuwapelekea cha kushikilia. Mutaguchi aliuvunja upande wake wa mapatano miezi miwili kabla Sato hajauvunja wake.

Mwanzoni mwa Juni mkuu wa majeshi ya Japani katika Burma, Jenerali Kawabe, alikwenda kumwona Mutaguchi. Kila mmoja alijua moyoni kwamba shambulio limeshindwa, na kila mmoja alingoja mwenzake alitamke. Mutaguchi alieleza baadaye kwamba alitumaini mgeni wake angeyasoma maneno hayo usoni pake. Hayakusomwa. Waliagana, na vita vikaendelea mwezi mmoja zaidi. Ni watu wangapi waliokufa topeni kwa ajili ya sentensi ile moja isiyosemwa?

Tarehe 22 Juni 1944 askari waliotoka Kohima na wale waliotoka Imphal walikutana barabarani penye jiwe la maili 109, na malori yakaanza kupita. Mapema Julai Wajapani walifunga shambulio lao. Kati ya watu 85,000, zaidi ya 50,000 walikuwa wamekufa, wamejeruhiwa au wamepotea, na sehemu kubwa ya hao haikupigwa risasi. Iliangushwa na njaa, maradhi na uchovu. Hasara ya upande wa pili ilikuwa watu wapatao 17,000.

Asijidanganye mtu, hata hivyo, kwamba ndege peke yake humwokoa aliyezingirwa. Mwaka mmoja na zaidi kabla ya hapo, Jeshi la 6 la Ujerumani liliahidiwa huko Stalingrad kwamba litalishwa kwa ndege, na tani zilizofika zilikuwa sehemu ndogo tu ya zilizohitajika. Februari 1943 lilijisalimisha. Mwaka 1953 Wafaransa walijiweka kwa hiari yao katika bonde la Dien Bien Phu, Vietnam, wakitegemea uwanja wa ndege uliokuwa katikati. Tofauti na Imphal ilikuwa katika vilima. Imphal, mlinzi alishika vilima vilivyokingama viwanja vyake. Dien Bien Phu, vilima vilishikwa na Wavietnam, ambao waliikokota mizinga hadi huko kwa kamba na mikono, huku makumi ya maelfu ya wananchi wakisukuma mchele na makombora kwa baiskeli zilizoimarishwa kwa mianzi. Shambulio lilianza tarehe 13 Machi 1954. Kabla ya mwisho wa mwezi hakuna ndege iliyoweza kutua. Tarehe 7 Mei ngome ilianguka. Baiskeli iliishinda ndege, kwa kuwa ilifika kila siku.

Wapagazi hao wanawakumbusha wazee wa Afrika ya Mashariki Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati ambapo Waingereza na Wajerumani walipopigana katika ardhi yetu na mizigo ikawa juu ya vichwa vya Waafrika. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa kuhara, homa na posho mbaya. Majina ya Kariakoo huko Dar es Salaam na Kariokor huko Nairobi yametoka kwao. Makaburi ya wengi wao hayajulikani.

Tukirejea Burma, ushindi wa Imphal ulimgeuzia mlinzi mzani. Sasa yeye ndiye aliyekuwa na njia ndefu mgongoni, na mvua zilikuwa za wote. Slim aliamua kuwaandama Wajapani bila kungoja kiangazi, na kazi ya kuteremka bonde la Kabaw ikapewa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Bonde hilo lilijulikana kwa malaria na homa ya kupe-funza kiasi cha kuitwa bonde la mauti. Huko Tamu walikuta mamia ya maiti za Wajapani zisizozikwa, na wengine wangali wamekaa penye magari yao mabovu.

Barabara ilizama topeni, magari yakavutwa, madaraja ya magogo yakajengwa na kusombwa na kujengwa tena. Majuma kwa majuma, vijana hao wa Keya waliishi kwa kile kilichoanguka kutoka mbinguni, siku ambazo mawingu yaliruhusu; siku ambazo hayakuruhusu, walikaza mikanda na kuendelea. Katikati ya Novemba walifika Kalemyo na kukutana na Divisheni ya 5 ya India. Tarehe 2 Desemba 1944 waliingia Kalewa, ukingoni mwa ule ule mto Chindwin ambao ng'ombe wa Mutaguchi walizama. Siku chache baadaye wahandisi walitandika hapo daraja la Bailey lenye urefu wa futi 1,154. Vyuma vyake vilikuja kwa malori, kwa njia ya Imphal na Tamu.